Pima Thelathini kwa Mikono Yangu

Baba Saidi, mume wangu,

Sikuulizi hali. Aliye chini ya mchanga haulizwi hali, na yangu mimi niliye juu utaijua mwenyewe ukifika mwisho. Usidhani nimekaa kuandika kwa sababu nimekukumbuka. Kukukumbuka nakukumbuka kila uchao na sijawahi kuharibu karatasi kwa hilo. Naandika kwa sababu nimefanya jambo baya. Walio hai nimeshawaambia, sasa ni zamu yako.

Bahasha sitaifunga. Aisome anayetaka, awe imamu, awe muuza kahawa wa Ndia Kuu. Nilimtukana mtu mbele ya watu, basi na haya yasomwe mbele ya watu. Na mwandiko ni wangu. Ulicheka nilipokwenda kisomo cha ngumbaru na daftari kwapani, ukasema, "Mama Saidi, wataka kuwa karani?" Haya, karani wako huyu. Herufi zikienda upande ni macho, si ujinga.

Duka letu unalijua. Chumba kile cha chini, mlango mmoja, giza mchana kutwa, kutu imeingia hata kwenye chumvi ya jikoni. Wageni wakiteremka kutafuta vinyago huchungulia, wakaona nanga zimelala sakafuni kama ng'ombe waliochinjwa, wakaenda zao. Waende. Wenye haja walijua njia.

Wakumbuka ulivyokuwa ukichagua nanga? Mteja akiingia hukumuuliza yuwataka nanga ya ratili ngapi. Ulimhoji kama mzazi anayeposewa binti. Boti yako futi ngapi? Nzito au nyepesi? Ina kibanda juu cha kushika upepo? Utalala penye tope, mchanga au mawe? Na nani ataivuta asubuhi, wewe na mgongo wako au mashine? Mteja anatoka jasho, yeye alidhani yuwaja kununua chuma. Ukishamaliza, unainuka, unampa nanga iliyozidi ile aliyoitaka. Akilalamika kuwa ni nzito unamwambia, "Nanga ya kukutosha siku njema, siku mbaya haikutoshi. Na siku mbaya ndiyo uliyojia dukani."

Mimi nilikuwa juu ya ngazi, napepeta mchele, nasikia yote. Hukunifundisha wewe, usijisifu. Nilijifundisha kwa kusikiliza.

Lakini siku moja ulinifundisha, na nilikutukana kwa hilo. Ulichukua mbuzi yangu ya kukunia nazi jikoni, ukaifunga kijimnyororo, ukaiweka sakafuni mbele ya wateja watatu. Ukavuta kijimnyororo kikiwa kimelala chini. Mbuzi haikujongea, meno yake yamekwama kwenye ufa. Ukainua mkono, ukavuta kwa juu. Mbuzi ikaja mbio kama imeitwa. "Mwaona?" ukawaambia. "Nanga ni jina tu. Kazi ni ya mnyororo. Mnyororo mzito hulala chini, nanga ikashika. Mnyororo mwembamba au mfupi husimama, nanga ikang'oka." Mimi huku juu napiga kelele, "Na nazi nitaikunia nini, meno yako?" Wateja walicheka mpaka wakakaa chini. Ulinirudishia mbuzi imepinda jino moja. Ingali imepinda.

Na ukutani ukaandika kwa mkaa, mstari kwa mstari: urefu wa boti, ratili za nanga, unene wa mnyororo, idadi ya pima. Pima zako ulizihesabia maji ya bamvua, yakiwa yamejaa kabisa. Ulisema mjinga hupima bahari ikiwa imekupwa, akalala, akaamka juu ya mwamba. Ukuta huo ndio urithi ulioniachia, na nilipofunguka eda nilishuka, nikaufagia utando wa buibui, nikafungua mlango. Wakaja wanaume kunijaribu. "Mama, uza chuma hiki upumzike." Nikawaambia apumzike mamako. Mwaka wa kwanza walikuja kucheka, wa pili walikuja kununua. Sikusoma, lakini mstari wa ukuta ukiniambia ratili sitini, natoa ratili sitini, hata aje waziri na suti yake.

Sasa tuje kwa Saidi.

Mwanao aliacha kazi ya bandarini Kilindini. Sikukwambia kaburini kwa sababu nilikuwa na hasira. Mtu ana mke, ana kazi, anaiacha akawe baharia wa boti ya tanga ya mzungu! Mzungu mzee, alistaafu kazi zake za bara, akataka kuzunguka na boti yake Pemba, Unguja, mpaka Komoro. Saidi ndiye nahodha wake, na mwenziwe wa kumsaidia ni Kazungu, Mgiriama mmoja aliyefanya naye kazi gatini. Kijana wa kanisa, mtulivu, mikono mikubwa kama majembe. Boti ilikuwa nzuri, sisemi uongo. Futi thelathini na sita, nyeupe, ina vyoo ndani.

Ilikuwa masika yaliyofuata zile mvua za El Nino. Barabara ya bara ilikuwa bado imechanika, mwenye boti amekwama Nairobi, ameagiza kila kitu kiwe tayari afike wang'oe nanga. Saidi akaja dukani na kitabu.

"Mama," akasema, "mwenye boti ameniachia hiki. Boti kama yetu, nanga ya ratili thelathini na tano yatosha. Na mnyororo mwembamba, unene wa penseli."

"Kimeandikwa wapi kitabu hicho?"

"Ulaya."

"Na bamvua ya hapa waliibeba wakaenda kuipima huko?"

Kazungu akacheka mlangoni. Nikamgeukia. "Na wewe wacheka nini na meno kama kokwa za tende? Shika gunia hilo."

"Nimelishika, mama."

Saidi akasema, "Lakini mama, mnyororo huo wako wa unene wa kidole, uzito wake ni kama watu wazima wawili wamekaa mbele ya boti. Pua yazama. Mwendo wapungua."

"Watu wawili wanaokaa mbele, hawali chakula chako, hawasemi, na usiku wanakushika usiende mwambani. Wana ubaya gani? Kuna watu wangapi botini mwenu wenye faida kama hiyo?"

Akacheka na yeye. Wajua alivyocheka, mabega yanatangulia. Nikamshika mkono nikampeleka ukutani, nikamwekea kidole chake juu ya mkaa wako. Futi thelathini na sita: nanga ratili arubaini na tano, mnyororo unene wa kidole cha mwisho, pima thelathini. "Soma," nikamwambia. "Huyu ni babako. Yule wa kitabu ni nani wako?"

Akakifunga kitabu. Kwa uzito nilikishinda kitabu, na mpaka leo nasema sikukosea. Nanga ya ratili arubaini na tano, ile ya mfano wa jembe la kulimia, ndiyo iliyofaa. Na mnyororo ule ndio uliofaa. Ungekuwapo ungechagua vile vile. Hapo sitaki mtu anisimange.

Kisha nikaupima.

Wauza nguo wa Biashara Street wana fimbo yao ya chuma. Sisi fimbo yetu ni mikono. Washika mnyororo, wanyoosha mkono huu na mkono huu mpaka kifua kikae wazi, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole: hiyo pima moja. Ndivyo ulivyofanya wewe, na babako kabla yako, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Saidi akaja kunipokonya. "Mama, ni mzito. Wacha nipime mimi."

"Kaa."

"Mama, mabega yako..."

"Nimesema kaa! Nimepima minyororo wewe hujaota meno."

Akakaa juu ya gunia. Amerithi urefu wako, akikaa magoti yanamfika kifuani. Nikapima kwa sauti, moja hadi thelathini, kila pima naiangusha sakafuni ikalia. Nilipofika thelathini mgongo wawaka moto, na nina furaha kama bibi harusi. Nikasema, "Haya. Mpelekee mzungu wako. Mwambie hii ni nanga ya Baba Saidi."

Akautazama mnyororo. Akanitazama mimi. Akatabasamu. "Ahsante, mama," akasema. Nilidhani ni furaha.

Wiki ya pili wakaitoa boti Kilindini, wakaizungusha nje mpaka mbele ya Ngome ya Yesu, wakatia nanga pale mlangoni mwa bandari ya kale. Kwa ajili yangu. Saidi alitaka nipande nione nanga yangu inavyofanya kazi, mimi nisiyependa kwenda Kilindini na vumbi lake. Nilikaanga mahamri, nikatia mbaazi bakulini nikaifunga kitambaa, vyote nikavitia kikapuni, nikateremka baada ya sala ya alasiri. Ilikuwa siku ya bamvua. Maji yamejaa mpaka yalamba mawe ya chini ya ngome.

Nilikuta upepo wa kusi umeshaingia, na mvua yaja juu ya maji imesimama kama ukuta. Watembeza wageni wa ngomeni na wauza vinyago walikuwa wamejibanza, wanatazama. Mmoja akasema, "Ile boti yatembea."

Nikamwambia, "Haitembei. Nanga ile nimeitoa mimi."

"Mama, yatembea. Tazama ule mti wa ng'ambo."

Nikatazama mti. Boti ilikuwa inatembea.

Nilimwona Saidi mbele kabisa, kwenye omo, amepiga magoti, mikono yafanya kazi na kitu nisichokiona. Nikalia kwa sauti yangu yote, "Utoe mnyororo! Utoe wote!" Kana kwamba upepo ule ungenipelekea. Mnyororo ulikuwa umesimama wima kama kamba ya kisima. Boti ikainua pua, ikashuka, ikainua tena, ikapiga mshindo. Saidi alikuwa amepiga magoti, kisha pale mbele hapakuwa na mtu.

Boti ikaja mwambani. Kazungu alitoka kwa miguu yake, matumbawe yamemkata kama samaki. Saidi walimtoa kabla ya magharibi, kamba imemzunguka mkono wa kulia. Niliuliza kamba hiyo yatoka wapi. Hakuna aliyenijibu, nami sikuuliza tena. Kikapu changu sijui nilikiacha wapi.

Tulimzika kesho yake, ubavuni mwako. Unaye huko. Mimi nilibaki na mke wake, Zuhura, na nguo za mwanangu kwenye kamba ya kuanikia.

Siku ya pili ya matanga Kazungu akaja. Amefungwa bendeji miguu yote miwili, ameazima kanzu ili asije msibani na suruali, na yeye si Mwislamu. Akasimama mlangoni, watu wamejaa, wanawake ndani, wanaume barazani.

"Mama, pole," akasema. "Mnyororo uliisha. Tuliutoa wote, mpaka pete ya mwisho."

Nikasimama. "Mwongo! Pima thelathini ziishe pale? Pale maji yakijaa hayafiki pima saba! Mngeutoa wote mngelala kama watoto! Wewe uliogopa. Hukuutoa wote, ukaona mwamba, ukaruka, ukamwacha mwenzio afe!"

Watu wakanigeukia. Hata waliokuwa wakisoma Qurani walisimamisha kisomo. Kazungu akainamisha kichwa. "Sawa, mama," akasema, akageuka. Nilimwona anavyokanyaga, hawezi kuweka kisigino chini, na nikaona amestahili.

Neno langu likavuka feri kabla yake, kwenda kwao Likoni. Na huku likafika Kilindini, likafika kwa kila mwenye boti. Nani ataajiri mtu aliyemkimbia mwenziwe? Nilisikia anasukuma mkokoteni wa maji Likoni. Nikasema, asukume.

Baadaye wapiga mbizi wakautoa mnyororo na nanga. Mwenye boti alisema hataki kuviona. Vikarudi dukani, vikakaa pembeni, navipita kila siku. Mpaka alipokuja Mzee Shee, yule mteja wako wa zamani mwenye kikohozi. Alikuwa ataka mnyororo. Nikamwonyesha ule. Nikamwambia ni pima thelathini, nimeupima mwenyewe.

Akautazama ulivyolala. Akakohoa. "Mama Saidi, samahani. Pima zako au za marehemu?"

"Pima ni pima!"

"Naam. Pima ni pima, mama," akasema haraka, akachukua mkongojo wake, akaondoka bila kununua.

Nilimtukana mpaka kona ya ndia. Kisha nikarudi ndani, na maneno yake hayakutoka. Baada ya adhuhuri nikafunga mlango. Nikapanda juu, nikafungua kasha, nikatoa kanzu yako nyeupe ya Idi, ile niliyokataa isigawiwe. Nikaitandika sakafuni dukani, mikono ya kanzu nimeinyoosha huku na huku. Nikalala juu yake chali, kikongwe mimi, nikanyoosha mikono yangu yote miwili kadiri ya uwezo wangu.

Vidole vyangu havikufika mwisho wa mikono ya kanzu, Baba Saidi. Kanzu tupu. Bado viganja vyako havimo.

Nikalala pale. Nikahesabu, maana hesabu ya hivyo siyo ya shule. Wanizidi shibiri moja na nusu kila pima. Mara thelathini ni shibiri arubaini na tano. Nenda ukazipime wewe: ni kutoka mlangoni petu mpaka umpite jirani wa pili. Mkaa ule ukutani ulikuwa wa mikono yako. Mimi nilipima kwa mikono yangu, nikasoma namba yako, nikasema ni kitu kimoja. Na nilikuwa na mwanangu amekaa juu ya gunia na mikono yako mwilini mwake, nikamwambia kaa.

Siku tatu sikutoka. Ya nne nikavaa buibui nikapanda feri ya Likoni.

Kazungu alikuwa amekaa nje ya chumba chake anaziba mtungi wa maji unaovuja. Akaniona, akasimama, akanipa kigoda chake. "Karibu, mama. Habari ya nyumbani?"

"Waite majirani zako."

"Kuna nini, mama?"

"Waite nimesema! Nimekuja kukuomba radhi, na nilikutukana mbele ya watu."

Waona? Hata radhi niliiomba kwa kufoka. Wakaja wanawake watatu na mzee mmoja. Nikawaambia: mtu huyu hakumkimbia mwanangu, mnyororo ulikuwa mfupi, na aliyeupima ni mimi. Wale wanawake wakatazama chini. Walipoondoka Kazungu akachuchumaa mbele yangu.

"Mama," akasema, "siye tulijua."

"Mlijua nini?"

"Siku tuliyoufunga, Saidi aliupima upya kule botini. Akapata ishirini na nne na kidogo. Nikamwambia turudi kwa mama atuongezee. Akasema, Kazungu, nirudi nimwambie mama amekosea? Mbele ya ule ukuta wa baba? Haiwi. Akasema tutanunua kamba nzito, tuunge mwishoni. Tukanunua."

"Na mbona hamkuiunga?"

Akaushika tena mtungi wake. Nikamshika mkono. "Sema."

"Ulikuwa uje siku ile, mama. Ungeiona. Alisema tutaiunga ukisha kushuka. Upepo ulipokuja, kamba hiyo ndiyo aliyokuwa akiifunga."

Sikufoka. Mimi, Baba Saidi. Mimi unijuaye. Mwisho nikamuuliza, "Mbona hukuniambia matangani?"

"Ulikuwa umefiwa, mama."

Basi mwanangu hakuuawa na bahari, wala na ufupi wa mikono yangu. Mikono mifupi ina dawa, na dawa yenyewe alikuwa ameshainunua, imo botini, imeviringwa. Alikuwa akingoja mamake apande, asifiwe, ale mahamri yake, ashuke. Kwetu alichopima mkubwa hakipimwi tena mbele yake. Kupima tena ni kumwita mwizi au mjinga. Ndivyo tulivyomlea, mimi na wewe, na watu wakatusifu: mtoto wa Mama Saidi ana adabu.

Kwenye feri ya kurudi, nimebanwa na kuku wa watu, nikakumbuka jambo. Ulipokuwa hai, ukiwa na homa au ukienda msikitini, mimi ndiye niliyewapimia wateja. Nawe ukirudi ukawakuta mlangoni, ulikata kipande kingine cha mnyororo ukawatupia. "Chukua na hii, nyongeza yako." Kila mara. Nami nakufokea: "Mwanamume huyu atatumaliza kwa ukarimu! Chuma unakitoa kama pilau ya hitima!" Ukatabasamu.

Haukuwa ukarimu, sivyo? Ulikuwa ukinirekebisha. Miaka yote ile ulijua mikono ya mkeo mifupi, ukaona afadhali utoe chuma kuliko kutoa neno.

Kwa hili nina hasira na wewe na sitaificha. Ungeniambia siku moja tu. Siku moja! "Mke wangu, pima zako hazifiki zangu, ongeza." Ningefanya nini? Ningekununia siku tatu. Ningekupikia uji bila sukari. Ningekwenda kwa dada yangu Kisauni nikae wiki. Basi, ingekwisha. Wewe ulipenda amani ya nyumba, ukaninunulia amani kwa vipande vya mnyororo, ukafa nayo, ukaniachia mkaa ukutani bila kuandika ni mikono ya nani. Nawe ulikuwa na deni la neno moja kwangu, na mtoto ndiye aliyelilipa. Sikukupunguzia la kwangu kwa kusema hivi. La kwangu nimelibeba. Lakini la kwako pia nimeliona.

Zuhura nilimwambia siku ile ile niliyotoka Likoni, tumekaa jikoni. Nilimwambia yote, mnyororo, kamba, mahamri. Alikuwa anakoroga chai. Akaikoroga, akaikoroga, kisha akanisogezea kikombe. "Kunywa, mama, chai yapoa." Nilitaka anipige. Nilitaka anitukane kwa jina la mamangu. Kesho yake asubuhi akaniamkia shikamoo kama kawaida, akaniuliza nataka nini cha mchana. Jioni nilimsikia analia chumbani kwake, nikaenda nikasimama mlangoni, akanyamaza hapo hapo. Hata kulia anaona haya nisikie.

Majirani nimewaambia baraza kwa baraza. Kazungu kazi ya botini hajapata. Neno la kuharibu lilivuka feri siku moja, hili la kutengeneza bado linangoja zamu.

Na juzi akaja fundi mmoja wa boti kutoka Tudor, mtu mzima, mrefu kama mlingoti, ataka mnyororo pima ishirini. Nikampimia. Nikamwambia, "Sasa pima wewe."

"Ah, mama! Nimekuamini."

"Usiniamini. Pima."

"Astaghfirullah, mama. Nikupime wewe?"

"Pima mnyororo, usinipime mimi! Pima mbele ya macho yangu, ukikosa hutoki humu!"

Akaushika. Akanyoosha mikono, moja, mbili, tatu, akawa anafanya haraka, anakunja viwiko, anakunja kifua, anajifupisha mtu mzima yule kama mtu anayepita mlango wa chini. Akafika mwisho, akanitazama kwa adabu zote alizofundishwa kwao.

"Ishirini kamili, mama. Sawasawa kabisa."

Mtu urefu wake umepita wako, Baba Saidi! Angepata kumi na sita, asingepata kumi na saba. Alijua. Alinitazama usoni, akajua ni mfupi, akasema sawasawa, na mnyororo huo ataulalia yeye na watoto wa watu.

Nilimnyang'anya. Nikamtoa nje, nikafunga mlango, nikatia komeo. Sijaufungua tangu siku hiyo na sijui nitaufungua kwa nani. Nimeizunguka Mombasa hii yote nikitafuta mtu wa kuniambia nimekosea, wote wananiamkia shikamoo.

Mungu akunyooshee ubavu hapo ulipo, na mwenzako wa pembeni pia. Mwambie mamake amejua. Mwambie kamba angeiunga tu, mchana kweupe, mbele yangu. Ningefoka. Kisha ningempa mahamri.

Mkeo,
Mama Saidi